Klabu ipi kidato cha tano? Uliza Ijumaa iliyopita walifanya nini

Mtoto wa kaka yangu amepangiwa kidato cha tano shule ya wasichana ya bweni hapa Tanga, tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Kakulia Singida; bahari anaijua ya kwenye kalenda. Juzi alinipigia akiwa na fomu ya kujiunga mkononi, ananisomea mahitaji moja moja: ndoo yenye mfuniko, fyekeo, jembe, rimu ya karatasi, shuka jozi mbili. Nikamwambia asisafiri na jembe kwenye basi, Ngamiani majembe yapo. Akaendelea hadi ukurasa wa mwisho, akanyamaza kidogo. "Shangazi, hapa wanasema kila mwanafunzi awe na klabu angalau moja. Wameorodhesha kumi na nne. Nijiunge na ipi?"

Nilimwambia nitamwandikia, maana kwenye simu tungemaliza salio. Niliyomwandikia ndiyo haya, nimeyanyoosha kidogo yawafae na wengine wanaoripoti Julai. Mimi nimesoma shule ya wasichana mkoa huu huu, nikapitia klabu tatu, mbili kati ya hizo kwa kufuata marafiki zangu. Siku hizi niko duka la dawa, na kila wiki naona kilichonibakia kutoka Ijumaa zile na kilichopotea.

Anza na kalenda. Unaripoti Julai, na mtihani wa Taifa wa kidato cha sita unaanza Mei. Kwa kuhesabu vidole ni kama miezi 22. Toa likizo, toa majaribio na moko, toa miezi ile ya mwisho ambayo hata ukisikia ngoma inalia uwanjani hutoki kwenye kitabu. Kinachobaki ni kama mwaka mmoja, na ndani yake klabu inapewa kipindi kimoja kwa wiki, shule nyingi Ijumaa alasiri, baada ya swala na chakula. Kwa hiyo klabu ni moja. Ukijiandikisha tatu utamaliza shule na fulana tatu.

Vyama vya dini sivihesabu humu. UKWATA, CASFETA, TYCS, TAMSYA vina siku zake na watu wake, na dada zako wa chama chako watakupokea hata kabla hujafungua tranka.

Na kuna uongo mmoja niuondoe mapema: kwamba cheti cha klabu kitakuingiza chuo kikuu. Vyuo vyetu vinatazama alama zako za masomo, basi. Bodi ya mikopo nayo haitakuuliza kama uliwahi kuwa katibu wa mdahalo. Wanaouliza ni wale wa ufadhili wa nje, na hao cheti hawakijali sana. Wanataka usimulie ulichofanya. Kama hukufanya kitu utaandika sentensi mbili na wino utakauka.

Wiki ya pili hivi, wale wa kidato cha sita watasimama bwaloni kuzinadi klabu zao. Kila mmoja atakuahidi safari: msitu wa Amani, mapango ya Amboni, Dar es Salaam. Waache wamalize. Mfuate mmoja pembeni, umuulize kwa adabu: "Dada, Ijumaa iliyopita mlifanya nini?" Akikujibu kwa kitendo (tulifunga bandeji, tulijaza viriba, tuligombania hoja) hiyo klabu ipo. Akikwambia "aah, huwa tunafanya mambo mengi", hiyo ni jina kwenye ubao wa matangazo. Halafu tazama kama mlezi wa klabu ni mwalimu anayekaa pale shuleni au ni yule anayewahi daladala saa nane na nusu.

Msalaba Mwekundu na Girl Guides

Nawaweka hawa pamoja kwa sababu kutoka mbali wanafanana: wote wanapanga mistari, wote wana skafu au beji, wote wanaitwa pale mgeni rasmi anapokuja. (Tafadhali useme "Girl Guides" lote zima. Kuna binti wa darasa letu aliandika nyumbani kwamba amejiunga na "magaidi", baba yake akapanda basi.)

Ukiwakaribia, tofauti yao iko kwenye fundo moja. Kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Guides wanakufundisha fundo hilo siku za mwanzo kwa ajili ya kamba, na wanalisifu kwa kuwa linashika na linafunguka. Msalaba Mwekundu wanakufundisha hilo hilo kwa ajili ya bandeji ya pembetatu, na sababu yao ni kwamba linalala bapa: ukimning'iniza mgonjwa mkono, fundo halimchomi shingoni, na unalisogeza upande, mbali na mfupa wa shingo. Fundo ni lile lile, ila mmoja anamfikiria anayefunga, mwingine anamfikiria anayefungwa.

Guides ni shule ya tabia. Walianza Uingereza mwaka 1910, Tanganyika wakaingia 1928, na mpaka leo mambo yao yanakwenda kwa ahadi, kanuni na beji unazozifanyia kazi moja baada ya nyingine. Tarehe 22 Februari wana siku yao ya dunia nzima. Kama wewe unapenda utaratibu, kupiga kambi, kuamka kabla ya kengele na kuongoza wadogo, utafurahi. Na kuna faida ambayo hawaitangazi: ukimaliza kidato cha sita unaweza kuitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013, na aliyezoea kusimama kwenye jua akiwa mkakamavu hapati tabu ya wiki ya kwanza kama sisi tuliokuwa tukijificha nyuma ya bweni. Gharama yake ni sare. Uliza bei kabla hujamwambia baba.

Msalaba Mwekundu wana kazi ndani ya shule yenyewe, na hapo ndipo wanawapita Guides kwa maoni yangu. Shule ya wasichana mia kadhaa haikosi mtu wa kuanguka paredi kwa jua na kutokunywa chai. Kila mtu atakimbia kumzunguka, mmoja atamwagia maji usoni, mwingine atamwinua akae. Mwenye klabu anamlaza, anainua miguu, analegeza shingo ya sare, anafukuza umati. Ukiungua na uji wa moto jikoni, wenzako watakupaka dawa ya meno. Yeye atakupeleka bombani, maji yapite juu ya kidonda dakika 20. Damu ya puani: wote wanakuinua kichwa juu, yeye anakuinamisha mbele na kukubana pua dakika kumi. Hayo ni mambo madogo, lakini nayaeleza kaunta karibu kila wiki, kwa watu wazima wenye shahada zao.

Liko na lile jambo ambalo fomu ya kujiunga haiandiki. Mabweni ya wasichana yana siku za "mapepo": mmoja analia usiku, anaanguka, kabla ya alfajiri wameanguka kumi na tano. Si jambo jipya wala la Tanga peke yake. Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, kule Bukoba, kicheko kilianza kwa wasichana watatu, kikawashika 95 kati ya 159, na Machi shule ikafungwa. Usiku kama huo, anayefaa ni msichana mmoja aliyetulia anayejua kumtenga wa kwanza chumba chenye kimya, kuwaondoa watazamaji na kumwita matroni bila kupiga kelele. Sitakutajia imani ya kila nyumba kuhusu mapepo. Nasema tu kwamba watazamaji wakipungua, wanaoanguka nao hupungua.

Kasoro ya Msalaba Mwekundu ni kwamba bila mkufunzi ni kundi la wabeba machela. Uliza kama kuna mtu wa chama mkoani anakuja kuwafundisha, au kama boksi la huduma ya kwanza lina kitu ndani. La kwetu lilikuwa na mkasi na utando wa buibui. Na siku yao kuu, 8 Mei, inaangukia msimu wa mtihani wa kidato cha sita, kwa hiyo utaisherehekea kwa kujinafasi mara moja tu, ukiwa kidato cha tano.

Mdahalo na maigizo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa nilikosea mwanzo nikapatia mwishoni.

Mdahalo unaujua. Meza mbele, mwenyekiti, katibu, mtunza muda na kengele yake, waunga hoja kulia, wapinga hoja kushoto, na hoja ni ile ile tuliyoikuta na tukaiacha: elimu ni bora kuliko fedha. Mtu anasema "Taarifa!" kama yuko Dodoma bungeni, ukumbi unapiga meza. Unaendeshwa kwa Kiingereza, na ndiyo sababu walimu wanaupenda. Binti wa Tanga ambaye bwenini kwa Kiswahili anakupamba na kukuvua nguo kwa pumzi moja, akisimama pale anabaki "I am here to oppose" mara tatu, anakaa. Lakini akirudi Ijumaa ya pili, ya tatu, ya sita, kitu kinafunguka. Masomo yako yote ya CBG yataulizwa kwa Kiingereza. Kujibu umesimama, mtu akikukatiza, kunakunyoosha kuliko kukariri peke yako usiku.

Kinachonikera kwenye mdahalo ni kwamba wanaozungumza ni wale wale wanane. Waliobaki ni hadhira, wanapiga makofi na kusinzia. Mimi nilikaa kwenye hadhira hiyo muhula mzima nikiwa mwanachama hai kwenye daftari. Kama wewe ni wa kusukumwa ndipo useme, uliza kama wana orodha ya zamu. Pasipo zamu, hutasema.

Maigizo watu wanayadharau. Wanadhani ni ya wasiojua kusoma, au ya siku ya wazazi tu. Ila uulize kama klabu yenyewe inaitwa TUSEME au inafuata mtindo wake, kwa sababu hiyo ni habari nyingine. TUSEME ilianzishwa hapa hapa nchini mwaka 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Baadaye FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, wakaipeleka nchi nyingine za Afrika. Mtindo wake ni huu: mnakaa, mnachunguza kinachowazuia kusoma, mnakijadili, mnakitungia igizo, mnaliigiza mbele ya wenye uwezo wa kukibadilisha, halafu mnafuatilia. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu wanaisahau.

Shuleni kwetu tatizo lilikuwa maji. Bomba moja lilitoa maji alfajiri, na kabla hujajaza ndoo yako ulipaswa kuchota ya nyumba za walimu. Hakuna aliyeandika amri hiyo popote, ila ilikuwepo, na waliochelewa kipindi cha kwanza walichapwa kwa kuchelewa. Tungepeleka jambo hilo kwenye mdahalo, "wanafunzi wasichote maji ya walimu", tungeambiwa ni utovu wa nidhamu kabla mtunza muda hajagonga kengele. Basi tukatunga igizo ambalo mhusika wake mkuu ni ndoo. Msichana mmoja mnene, mcheshi, alijifunga khanga ya buluu, akasimama katikati akiwa ndoo, na wengine wanambeba zamu kwa zamu. Kila nyumba anayopitishwa anapunguzwa, anasinyaa. Akifika bwenini amebaki kikombe. Anamwambia mwenye ndoo, kwa sauti ndogo kabisa: "Nawe bibie, unaoga uso au miguu? Chagua."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mkuu wa shule naye alicheka, kisha nikamwona ameacha kucheka anatazama viatu vyake. Jumatatu paredi ilitangazwa kwamba maji ya walimu yatachotwa kwa utaratibu mwingine. Hapakutajwa igizo wala ndoo. Mlezi wetu alituchunia wiki mbili, kwa kuwa hakuonyeshwa ile sehemu ya mwisho wakati wa mazoezi, na kwa hilo alikuwa na haki. Ile hatua ya kufuatilia hatukuifanya, na mwaka uliofuata nikasikia wadogo zetu wamerudi kuchota.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Jirani akikukera hupeleki hoja; unavaa khanga yenye maneno yanayomlenga na kupita mlangoni kwake ukienda sokoni. Mdahalo unakufundisha kusema jambo wazi na kulitetea mbele ya anayekupinga. Maigizo yanakufundisha kulisema kwa mtu ambaye hana haja ya kubishana nawe, ana uwezo wa kukunyamazisha tu. Maishani utakutana na wote wawili, ila ukiwa na miaka kumi na minane bwenini, wa pili ndio wengi. Na katika maigizo hakuna hadhira ya wanachama: asiyeigiza anashona, anapiga ngoma, anakumbusha maneno nyuma ya pazia.

Kasoro ipo. Maigizo yanakula muda. Siku kumi kabla ya onyesho mtafanya mazoezi hadi prepo, saa za kujisomea usiku, na wa tahasusi za sayansi mnaumia zaidi. Mdahalo unaisha saa kumi na moja, unakwenda kufua.

Mazingira na sayansi

Klabu ya mazingira huwa na majina mengi. Kuna shule ni Malihai, mtandao ulioanza mwaka 1980; kuna shule ni Roots & Shoots, ambayo Jane Goodall aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12. Jina lisikusumbue. Shule ikiwa bara, Korogwe au Lushoto, mtajaza viriba na kumwagilia miche. Shule ikiwa karibu na bahari kama yako, kazi ni mikoko, na hapo mtu wa Singida nikueleze kitu.

Tunda la mkoko refu kama kalamu huanza kuota likiwa bado juu ya mti. Unaliokota, unalichomeka kwenye tope theluthi moja ya urefu wake, umemaliza kupanda. Tope litakumeza hadi magotini na litanuka. Ndala utaiacha humo. Ugumu ni saa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hupwa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Yaani kipindi chako cha klabu, Ijumaa saa tisa na nusu, tope limefunikwa na samaki wanapita. Mlezi anayejua bahari atakuombeeni ruhusa ya Jumamosi asubuhi, mkose kufua. Asiyejua atawapeleka Ijumaa, mtatazama maji na kurudi na picha. Kwa hiyo kwa klabu hii uulize zaidi ya lile swali langu: muulize dada, "mlikwenda saa ngapi?" Na ukiwa pwani umtafute mzee wa kukusimulia silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za madainosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini 1938, Tanga amenasa kwenye nyavu mara nyingi, na hifadhi ya bahari yenye jina lake ilitangazwa 2009.

Klabu ya sayansi ni ya watu wachache na wavumilivu. Ikiwa inashiriki Young Scientists Tanzania, iliyoanza 2011 kwa kufuata maonyesho ya Ireland ya tangu 1965, mtachagua tatizo la mtaani, mtalipima, mtapeleka ripoti, na mkichaguliwa mtaonyesha kazi Dar es Salaam. Mkoa wetu una maswali ya bure: kwenye jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4, kilichobaki ni taka. Ukipata mwalimu mwenye ari, nenda, usinisikilize mimi na maigizo yangu. Usipompata, mtakaa mwaka mzima mkisubiri funguo za maabara.

Zilizobaki nizipitie haraka. Klabu ya wapinga rushwa inachangamka siku maofisa wa TAKUKURU wanapokuja na kulala siku nyingine. FEMA, klabu ya wasomaji wa jarida la vijana la jina hilo, ni nzuri kwa kusoma na kuzungumza mambo ambayo nyumbani hatusemi, na jarida lao linapitia mikono mingi hadi kurasa zinalegea. Klabu za masomo ni vipindi vya ziada vilivyobadilishwa jina. Michezo hujachagua, imekuchagua: kama unacheza netiboli watakuona wiki ya kwanza na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, itakula likizo yako.

Kwa yeye, mwenye CBG, mpole, asiyependa kusukumwa, nilimwandikia Msalaba Mwekundu kwanza, maigizo pili, na mazingira kama mlezi anajua mwezi. Alijibu kwa neno moja, "Sawa shangazi", jibu ambalo kwa watoto wa siku hizi lina maana kumi.

Wiki ya tatu ya shule aliazima simu ya matroni. Alikuwa ameuliza swali langu kwa wote. Dada wa Msalaba Mwekundu alimjibu kwamba Ijumaa iliyopita hawakukutana, boksi limefungiwa ofisini. Wa mazingira walikwenda pwani saa kumi. Wa maigizo walimwambia njoo uone, akaenda, akakuta wanagombana juu ya nani awe mlango.

"Mlango wa wapi?" nikamuuliza.

"Wa choo cha bweni letu, shangazi. Hauna komeo." Kisha akaomba nimtumie khanga mbili kuukuu, moja iwe ya kijani.